Viatu Alivyovaa Marehemu

Jumatano, tarehe kumi na tisa, saa nne kasorobo asubuhi. Hiyo ndiyo siku, na hiyo ndiyo saa, ambayo mambo ya Fundi yaliharibika, na kilichoyaharibu ni mdomo wake mwenyewe.

Mpaka saa tatu na nusu alikuwa bado mtu mwenye harusi. Zilibaki siku kumi na saba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake ndani ya chumba cha kazi, chumba chembamba kilichobanwa katikati ya duka la vioo na saluni, anapiga brashi viatu vya kike ambavyo hakuna mteja aliyeruhusiwa kuvishika. Nyuma yake, kwenye rafu, ilijipanga ile miguu ya mbao ambayo mafundi viatu huiita kalibu. Ngozi huvutwa juu ya kalibu, ikapigiliwa, ikaachwa mpaka ishike umbo la mguu wa mtu. Viatu alivyokuwa akivipiga brashi vilikuwa vya mchumba wake, vya siku ya harusi.

Akaingia shangazi wa mchumba, amefuata ndala zake za ngozi zilizokatika mkanda.

"Mbona uso umekunjamana kama shuka ambalo halijapita kwa mwanangu?" akamtania. Huyo mwanangu ni mchumba wa Fundi, mpiga pasi kwenye kiwanda cha dobi, ambaye mtaa mzima ulimwita Pasi na mwenyewe akaitika.

"Sijalala vizuri, shangazi."

"Bwana harusi gani analala vizuri? Unahesabu siku, nakujua."

"Siyo hivyo. Nimeota."

Angesema ameota anakimbizwa na mbwa, shangazi angecheka, angechukua ndala zake, angekwenda zake. Lakini tangu mkewe afe, Fundi alikuwa na miaka minne hajaulizwa na mtu yeyote ameamkaje. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akiona sahani hali kwa adabu. Akaimwaga ndoto yote.

Alimwona mke wake marehemu anaingia pale pale kwenye chumba cha kazi, pekupeku, amevaa gauni lake la buluu. Akakaa kwenye benchi la wateja. Akanyoosha mkono, akavichukua viatu vya harusi, akavivaa kimoja kimoja taratibu kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Akafunga mikanda. Akasimama, akavikanyagia sakafu, akasema, "Vimenikaa sawasawa." Akatoka navyo.

Shangazi alikuwa ameacha kucheka kitambo.

"Marehemu kavaa viatu vya mwanangu," akasema polepole.

"Ni ndoto tu, shangazi."

"Umeshaniambia, baba. Ungekaa nayo ingekuwa yako. Sasa ni ya kwangu pia, na mimi siwezi kulala nayo ndani ya nyumba."

Akatoka bila kuchukua ndala. Fundi akabaki anaziangalia pale benchini, roho inamwambia mkimbilie, miguu inamwambia kaa.

*

Familia ile haikuhama nyumba wala kubadilisha kazi bila kwanza kumuuliza Kiongozi. Alikuwa mkubwa wa kikundi chao cha maombi, mtu mwenye tai fupi na daftari refu, na sifa yake kubwa ilikuwa kuagua ndoto. Fundi hakuwahi kumpenda. Kwa kweli hakumpenda mtu yeyote anayekalia kiti chenye mikono wakati wenzake wamebanana kwenye benchi. Mkewe alikufa kwenye benchi. Benchi la korido ya hospitali, karatasi mkononi, inasubiri saini ya mganga mkuu, na mganga mkuu yuko kikaoni. Saa tano nzima kikao. Walipotoka huko wanapanguza midomo, karatasi haikuwa na kazi tena. Tangu hapo Fundi akiona mtu anaitwa mkuu wa kitu chochote, damu humchemka.

Jumamosi mchana wakamwita sebuleni kwa shangazi.

"Karibu ukae, Fundi," akasema kaka yake Pasi.

Fundi akalisikia lile neno likitua. Miezi sita mtu huyu alikuwa akimwita shemeji. Kaka alikuwa msimamizi wa ghala, na hata na ndugu zake alizungumza kama anawapanga zamu. Kiongozi alikuwa amepewa kiti cha mikono. Shangazi amejikunja pembeni, leso kiganjani. Na Pasi, amekaa karibu na dirisha, bado na sare ya kazini, mikono yake yenye alama ndogondogo za kuungua imelala mapajani. Akamtazama Fundi. Macho yale yalikuwa yanasema jambo moja tu: nimekuja kusimama upande wako, usiniangushe.

Fundi akavuta stuli, akakaa.

Kiongozi akafungua daftari, akapiga mstari kwa rula. "Ndoto ilikuja saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Alfajiri ya mapema au ya kuchelewa?"

"Alfajiri ya kwenda kukojoa."

Shangazi akakohoa. Pasi akainamisha uso, na Fundi akayaona mabega yake yanatikisika. Kwa nukta moja chumba kikawa chepesi. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho siku ile.

"Marehemu alikuwa amekonda, au alikuwa vile alivyokuwa mzima?"

"Alikuwa mzima. Mzima kabisa."

"Alikusalimia?"

"Hapana."

"Viatu vya rangi gani?"

"Damu ya mzee."

Kalamu ikakwaruza. "Damu," Kiongozi akasema huku anaandika.

"Siyo damu. Ni rangi ya ngozi, dukani kila mtu anaiita hivyo. Hata soksi zako ni damu ya mzee."

"Fundi," Kaka akaingilia, "kila mtu na fani yake. Sisi hatuji kukufundisha kupiga misumari."

"Vilimkaa?" Kiongozi akauliza. Fundi akatazama mlango. "Nauliza, vile viatu vilimkaa marehemu?"

"Vilimkaa."

"Bila kubana? Bila kupwaya?"

"Vilimkaa," Fundi akarudia, sauti imeshuka mpaka chini.

Kiongozi akafunga daftari, akalipapasa jalada kama mtu anayembembeleza mtoto. "Kiatu ni safari," akasema. "Kiatu cha bibi harusi ni safari ya ndoa. Aliyekufa ameivaa safari ya aliye hai na imemkaa. Maana yake nini? Mwenye nyumba hajahama. Na huyu binti akiingia humo atakuwa anakanyaga mahali ambapo mwenzake amekwisha kanyaga, na wote tunajua mwenzake ameelekea wapi. Sioni mwaka ukiisha."

Shangazi akajifunika uso kwa leso.

"Na kama ndoto ina sababu ya kawaida?" Pasi akauliza. Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini alikuwa hamtazami Kiongozi. "Mtu anaweza kuota viatu kwa sababu anashinda na viatu. Mimi naota mashuka kila siku na hakuna aliyekufa."

"Sababu kama ipi?" Kaka akauliza.

"Muulizeni mwenye ndoto. Fundi, ipo sababu?"

Ilikuwepo. Alijua tangu alipofumbua macho alfajiri ile, na ndiyo iliyomkunja uso kabla shangazi hajaingia. Viatu vilimkaa marehemu kwa sababu vilitengenezwa juu ya mguu wake. Kalibu ile ya pembeni kabisa kwenye rafu, iliyochakaa kwenye kisigino, ilikuwa ya mkewe. Miaka kumi na tisa aliitumia. Siku alipokata ngozi ya viatu vya Pasi, mkono ukaenda wenyewe ukaishika ile. Akajiambia miguu inakaribiana. Akabandika kipande cha ngozi pembeni kuipanua kidogo, akaendelea kugonga. Ndoto haikuhitaji daftari wala rula.

Angetamka hivyo, Kiongozi angekosa la kusema. Lakini angelitamka mbele ya nani? Mbele ya mwanamke aliyeacha kazi katikati ya zamu ili aje kumtetea. Angemwambia, mbele ya ndugu zake, kwamba viatu vyake vya harusi ni vya mke wa kwanza. 

"Ni ndoto tu," akasema.

Pasi akamtazama zaidi ya alivyopaswa kumtazama. Kitu fulani usoni pake kikajifunga.

"Basi imekwisha," Kaka akasema. "Harusi haipo. Waalikwa nitawaarifu mimi."

"Shangazi," Fundi akageuka, "wewe unanijua. Umekula kwangu, umecheka kwangu. Na wewe unasema hivyo?"

Shangazi akaondoa leso. Macho yalikuwa mekundu. "Nakujua, mwanangu, na nakupenda, Mungu anaona. Lakini huyu nilimpokea ana miaka sita, nimetoka kumzika baba yake na mama yake ndani ya mwezi mmoja. Mimi nimezika wa kutosha. Hata kama Kiongozi amekosea, mimi sina nguvu ya kusubiri nione kama amekosea."

Angeweza kugombana na Kiongozi mpaka kesho, na Kaka pia. Kwa shangazi hakuweza. Akainuka, akapapasa mfuko kama mtu aliyesahau kitu, akatoka.

*

Hajamaliza kufungua kufuli la chumba cha kazi, akasikia hatua nyuma yake. Alizijua. Mtu anayesimama siku nzima kwenye ubao wa pasi hutembea kwa uzito wa namna yake.

"Kaka yako anajua uko hapa?" akauliza bila kugeuka.

"Nina miaka thelathini na nne. Hanipangii zamu." Pasi akaingia, akakaa kwenye benchi la wateja, akazisogeza ndala za shangazi yake pembeni. "Nataka kuviona hivyo viatu vyenyewe. Viatu vya kunivunjia ndoa, na mimi hata sijaviona."

"Nilitaka iwe siku ile ile. Nikushtukize."

"Umenishtukiza. Nipe."

Akavitoa kwenye kitambaa. Vilikuwa vizuri. Fundi alikuwa mtu wa kujidharau katika mengi lakini siyo hilo, hakuna mkono mwingine mjini ungetoa mshono ule. Pasi akavipokea, na uso wake ukalegea, akawa tena yule mwanamke aliyeingia pale mara ya kwanza miezi minane iliyopita, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akisema, "Fundi, kiatu hiki kinanichukia, sijui nimekikosea nini." Fundi alicheka siku ile. Alikuwa amesahau kwamba anacho kicheko.

"Mungu wangu," Pasi akanong'ona. "Vizuri hivi?"

Akavua viatu vya kazi. Akavaa cha kulia. Akavaa cha kushoto. Akafunga mikanda, akasimama, akapiga hatua moja, ya pili. Hatua ya tatu haikufika. Akashika ukingo wa meza.

"Vinabana."

"Ngozi mpya. Italegea."

"Inabana hapa, kidole cha mwisho. Na kisigino kimepwaya." Akakaa. Hakuvivua. Aliiangalia miguu yake kama mtu anayesoma barua. "Mguu wangu mimi ni mpana mbele. Kufika saa tisa umevimba kama mkate. Unajua hilo kuliko mtu yeyote, umenirekebishia viatu vitatu."

"Najua."

"Fundi. Hivi ulinipima lini?"

Fundi akaanza kupanga misumari mezani.

"Wateja wote unawakanyagisha kwenye kipande cha boksi, unawazungushia penseli mguu mzima. Nimekaa hapa nimeona. Hata yule mzee wa duka la vioo, anayenuka soksi, umempima. Mimi nilikuwa nasubiri. Kila nikija nasema leo, leo atapiga magoti, leo atanipima. Nilikuwa naosha miguu kazini kabla ya kuja, Fundi. Wenzangu walikuwa wananicheka. Nikasema labda anaona haya. Sasa niambie, hivi umevishona kwa mguu wa nani?"

Hakuna sehemu ya kukimbilia katika chumba chenye upana ule. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akashusha ile kalibu ya pembeni kabisa, kipande cha ngozi bado kiko ubavuni, kimebanduka nusu, akaiweka mezani.

Pasi hakuuliza ya nani.

"Ndiyo sababu uliyokuwa nayo pale sebuleni," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza mbele ya watu wote. Nilikupa kamba, ukashindwa kuishika."

"Ningesemaje? Ningekuaibisha."

"Wameniambia nitakufa kabla mwaka haujaisha. Umeona hiyo ndiyo heshima?"

"Pasi, nisikilize. Mkono ulikwenda wenyewe. Sikukaa nikapanga. Na yule mtu na daftari lake asingeingilia, na kaka yako asingejifanya mkubwa wa kila nafsi katika ile nyumba, mimi ningetengeneza vingine, usingejua. Hao ndio wametufikisha hapa. Siku zote ni hao. Mtu mdogo ukipata kitu chako kimoja tu duniani, lazima atokee mkubwa mmoja akikalie."

"Usianze."

"Ni kweli au siyo kweli?"

"Mganga mkuu ni kweli. Nimekusikiliza miezi minane na ni kweli, na nimelia na wewe. Lakini viatu hivi kavishona nani kati yao? Kiongozi? Kaka?" Akafungua mkanda wa kwanza. "Nilikuja hapa niseme twende. Nilishaamua njiani. Nikasema nitamwambia, tafuta chumba mtaa mwingine, waache waague mpaka wachoke. Nilikuwa siogopi kufa, Fundi. Ndoto yako haikunitisha hata kidogo."

"Basi twende."

"Sasa hivi ndiyo imenitisha."

Akavivua. Kwenye kidole cha mwisho ngozi ilikuwa imekwisha kuwa nyekundu. Fundi akaona ule wekundu. Akatupa kigoda upande, akachukua kipande cha boksi, akakilaza sakafuni mbele yake. Akapiga magoti. Penseli aliipata nyuma ya sikio lake mwenyewe.

"Kanyaga," akasema. "Kanyaga hapa nikupime. Nitakata ngozi leo. Siku kumi na nne zinatosha, nitashona viatu vipya kwa mguu wako, wako peke yako, na ile kalibu nitaichoma mbele ya macho yako."

"Usiichome."

"Nitaichoma."

"Usichome mguu wa mtu kwa ajili yangu. Sitaki kubeba na hilo." Alikuwa analia sasa, bila sauti, machozi yanashuka mpaka kidevuni. Mkono wake ukatua kwenye nywele za Fundi, ambazo zilikuwa zimeanza kuota mvi. Haukupapasa. Ulitua tu. "Nikuulize kitu. Kiongozi ameuliza rangi, ameuliza salamu, ameuliza saa. Shangazi hakuuliza kitu kabisa, alikimbia. Hakuna aliyeuliza juu yako. Alipokuwa anavaa viatu vyangu, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Nimekaa kwenye kigoda."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu. Katika ndoto sauti haitoki."

"Na alipofika mlangoni?"

Fundi akaangalia boksi. Kwenye saluni ya jirani mtu alizima mashine.

"Alipofika mlangoni niliinuka," akasema.

"Uliinuka."

"Niliinuka, nikanyoosha mkono. Ndipo nikaamka."

Pasi akaondoa mkono wake kwenye nywele zake. Akavaa viatu vyake vya kazini, vile vilivyokanyagika upande, kimoja kisha kingine. Mguu wake haukugusa boksi. Akasimama, mwanga wa mlangoni ukiwa nyuma yake, na Fundi kutoka pale chini hakuweza kumwona uso.

"Basi nijibu hilo moja, halafu nitajua niende wapi," akasema. "Ulinyoosha mkono umzuie asiondoke na viatu vyangu, au umzuie asiondoke?"